Jinsi ya kusoma kalenda ya Asia ukiwa dukani kwako Arusha au Moshi

Chukua boksi lolote lililo karibu na wewe sa hivi, ligeuze, soma yale maandishi madogo ya chini. Mi nimefanya hivyo leo asubuhi nikiwa nafungua duka, nauza spea za pikipiki hapa Arusha upande wa Kilombero. Cheni ya Boxer imeandikwa India, balbu za indiketa zimeandikwa PRC, na watu wengi wakiona PRC wanadhani ni nchi nyingine kumbe ni China hiyohiyo, simu yangu ya Samsung imeandikwa Vietnam, na kijana wa boda aliyekuja kununua cheni alikuwa na Tecno mkononi, kampuni ambayo makao yake yako Shenzhen. Hata hili neno bajaji tunalotumia kila siku ni jina la kampuni ya Pune, India.

Miaka ya mwanzo nilikuwa nashangaa tu. Bei inapanda ghafla, mzigo haufiki, nyingine zinafika wakati wateja wameshaondoka, na mimi nikawa namlaumu ejenti, nalaumu bandari, nalaumu kila mtu. Siku nilipoanza kuandika kalenda yao kwenye daftari langu ndo mambo yakaanza kunyooka, na hicho ndo nataka nikuelekeze hapa, jinsi ninavyofanya mimi, we chukua kinachokufaa.

Ukubwa wa jambo lenyewe kwanza, kwa kifupi. China ilianza kufungua milango 1978 chini ya Deng Xiaoping, Shenzhen ikafanywa eneo maalum la uchumi 1980, wakaingia WTO, shirika la biashara la dunia, Desemba 2001, na ilipofika 2010 walikuwa wameshaipita Japani na kuwa uchumi wa pili duniani. India nayo 2023 ikaipita China kwa idadi ya watu. IMF, shirika la fedha la dunia, wanasema Asia inachangia karibu 60% ya ukuaji wa uchumi wa dunia, kwa lugha ya sokoni ni kwamba dunia ikiongeza shilingi 10, kama 6 zinatokea upande ule. Na wanaofuatilia historia hawashangai, maana mwaka 1820 China na India peke yao walikuwa karibu nusu ya uchumi wote wa dunia, kwa hiyo ni watu wanaorudi kwenye kiti chao. Kwetu huku maana yake ni kwamba zamani mzee wa Kibosho akitaka kujua bei ya kahawa alisikilizia New York, na kahawa bado inafuata New York mpaka leo, lakini vitu vingi vilivyobaki, kuanzia balbu mpaka mbaazi, bei yake inapikwa Guangzhou na Mumbai.

Anza na swali moja: unanunua kwao au unawauzia?

Hili watu wanaliruka na ndo msingi. Kama unanunua kutoka Asia, wewe unafuata viwanda vyao, yaani lini vinafanya kazi na lini vimefungwa. Kama unawauzia, unafuata matumbo yao na mvua zao, lini wana njaa na lini ghala limejaa. Ni kalenda mbili tofauti. Kuna watu, na mimi ni mmoja wao, wana zote mbili, mimi duka langu linafuata China na India, alafu wajomba zangu Babati wanalima mbaazi. Chukua daftari, gawa kurasa mbili zinazotazamana, kushoto andika navyonunua, kulia navyouza, alafu miezi 12 chini. Basi. Usitafute programu yoyote ya simu, daftari linatosha na halizimiki.

Ukurasa wa kushoto: kalenda ya viwanda vya China

Hapa nitakaa sana kwa sababu ndo nilipoumia.

Sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina haina tarehe moja, inafuata mwezi kama Idi zetu, ila tofauti na Idi haizunguki mwaka mzima, siku zote inaangukia kati ya 21 Januari na 20 Februari. Mwaka 2026 ni 17 Februari, 2027 ni 6 Februari, 2028 ni 26 Januari, ziandike kabisa. Usidanganyike na likizo ya serikali yao ya wiki moja hivi, kiwanda chenyewe kinalala zaidi ya hapo. Wafanyakazi wengi wametoka mikoa ya mbali, wanaanza kuondoka wiki moja mbili kabla, kama watu wetu wanavyojaa stendi Desemba kurudi Rombo na Machame, na wakishaenda si wote wanarudi, kwa hiyo hata kiwanda kikifunguliwa kinaanza na watu pungufu na oda zimejaa foleni. Ukijumlisha, kuna karibu mwezi mzima hakuna kinachotoka, na wiki za kabla yake meli zinajaa na nauli inapanda kwa sababu dunia nzima inataka mzigo utoke kabla ya kufunga.

Mwaka 2018 sikukuu iliangukia 16 Februari. Mimi bila kujua lolote nikatuma advansi tarehe 25 Januari, vioo vya pembeni, cheni, na brek shuu. Muuzaji akanijibu vizuri kabisa, sawa sawa rafiki hakuna shida. Tarehe 3 Februari namwandikia, kimya. Tarehe 8, kimya. Nikaanza kulala vibaya, hela ile nusu ilikuwa ya mkopo wa kikundi. Ikaja picha moja tu, maua mekundu na maandishi ya Kichina, nikampelekea kijana mmoja anayejua lugha akanisomea, ni salamu za mwaka mpya. Mzigo ulitoka kiwandani Aprili, ukafika dukani kwangu Juni, na muda wote huo rafu zilikuwa tupu, wateja wangu wa boda wakazoea duka lingine, kuna wengine hawajarudi mpaka leo. Yule muuzaji hakunidanganya kitu, aliona kila mtu anajua sikukuu yao, ni kama mtu atume oda ya nyama choma Moshi asubuhi ya Ijumaa Kuu.

Kwa hiyo kanuni yangu sasa: oda ya kabla ya sikukuu yao nalipa advansi mwanzoni mwa Novemba, na nataka mzigo uwe umetoka kiwandani si zaidi ya wiki ya kwanza ya Januari. Nikichelewa hapo sitoi hela kabisa, nasubiri mpaka Machi katikati hata kama muuzaji ananiita na bei nzuri.

Tarehe ya pili ni 1 Oktoba, sikukuu ya taifa lao, wanafunga kama siku 7. Hii ni ndogo ila inauma kwetu sisi wa kaskazini kwa sababu ya Desemba. Mtu wa Moshi nikwambie nini kuhusu Desemba, kuanzia tarehe 15 hivi magari yanashuka Same, Mwanga, Himo, Wachaga wanarudi nyumbani, kila mtu anataka kupaka rangi nyumba ya baba, kubadilisha bomba, kufunga taa za nje, kununua betri na sola, na boda za vijijini nazo zinafanya kazi usiku na mchana kwa hiyo spea zinaisha. Hesabu ya kurudi nyuma iko hivi. Unataka mzigo uwe kwenye rafu 25 Novemba. Kutoa bandarini Dar na kupandisha mpaka Moshi weka wiki mbili. Baharini kutoka Guangzhou, ukiweka na siku za kusubiri kontena la kuchangia lijae, weka wiki 6 au 7. Hapo umeshafika wiki ya mwisho ya Septemba. Kiwanda kinatengeneza wiki 2 mpaka 4. Maana yake advansi ya Krismasi inalipwa Agosti, ile Agosti watu wanayohangaika na Nanenane. Ukianza kufikiria Desemba ukiwa Oktoba umeshachelewa, utabaki kununua Kariakoo kwa bei ya aliyewahi.

Na kama una uwezo wa kwenda mwenyewe, maonesho makubwa ya Guangzhou, Canton Fair, yapo tangu 1957 na yanafanyika mara mbili kwa mwaka, Aprili kuingia Mei na Oktoba kuingia Novemba. Kwa vitu vidogovidogo, vyombo, urembo, vifaa vya shule, watu wanaenda Yiwu. Mimi sijawahi kwenda, naagiza kwa simu, na bado inawezekana.

Hesabu ya ujazo, fanya na rula mkononi

Wengi wanaangalia bei ya kitu kwenye Alibaba, tovuti ya wauzaji wa China, wanazidisha kwa kiwango cha dola wanasema eeh faida hii hapa. Hapana. Muulize kwanza muuzaji hiyo bei ni mpaka wapi. Kama ni EXW maana yake uchukue mlangoni kwake kiwandani, FOB ni mpaka bandari ya kwao, CIF ni mpaka Dar pamoja na nauli na bima. Vitu vitatu tofauti kabisa kwa bei moja inayofanana machoni. Tovuti ya 1688 bei zake ni nafuu zaidi kwa sababu inahudumia Wachina wenyewe, ila iko kwa Kichina na utahitaji mtu wa kule wa kukulipia na kupokea.

Sasa chukua rula. Kontena la kuchangia wanakuchaji kwa ujazo, wenyewe wanaita sibiemu, yaani mita moja mraba kwa kimo cha mita moja. Juzi kijana mmoja wa Ngaramtoni alikuja na picha ya boksi la vioo vya pikipiki, sentimita 60 kwa 50 kwa 40. Tukazidisha pale juu ya kaunta, 0.6 mara 0.5 mara 0.4, ni 0.12. Anataka maboksi 20, kwa hiyo ni 2.4. Alikuwa ameambiwa na mtu wa kago kwamba mzigo wake ni 3, ile tofauti ya 0.6 ni hela ya kweli hiyo, akampigia palepale, wakarekebisha. Na ukisafirisha kwa ndege jua kwamba wanapima uzito na ukubwa, kisha wanachukua kilicho kikubwa. Boksi lilelile, 60 mara 50 mara 40 gawa kwa 6,000, linahesabiwa kilo 20 hata kama kwenye mizani ni kilo 8, na kampuni za vifurushi za haraka wengi wanagawa kwa 5,000 kwa hiyo linakuwa kilo 24. Vioo na plastiki za mwili wa pikipiki usipandishe ndege.

Forodha. Ushuru wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uko kwa ngazi, malighafi 0%, bidhaa za kati 10%, bidhaa zilizokamilika 25%, na nyingine zilizochaguliwa 35%. Unakatwa kwenye bei ya kitu ukijumlisha nauli na bima, alafu VAT ya 18% inakuja juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru. Mfano, bidhaa za milioni 1, nauli na bima laki 3, jumla 1,300,000. Ushuru 25% ni 325,000. VAT ni 18% ya 1,625,000, yaani 292,500. Umefika 1,917,500 na bado tozo nyingine ndogo na gari la kutoka Dar. Ukichangia kontena ejenti atakupa bei moja ya sibiemu yenye kila kitu ndani, ni sawa, ila mwambie akuandikie, na umuulize nani anashughulikia cheti cha ubora cha TBS, shirika letu la viwango, kinachotolewa mzigo kabla haujapakiwa, maana kuna bidhaa bila hicho cheti zinakwama na wewe ndo utalipa siku za kukaa bandarini.

Kuhusu kuaminiana sitasema mengi. Advansi ya 30% na 70% kabla ya kupakia ndo desturi, ukidaiwa 100% na mtu mpya kimbia. Omba video ya mzigo wako ukiwa na jina lako kwenye boksi. Mimi nilishapoteza laki 8 kwa ejenti mmoja aliyekuwa na ofisi nzuri na meza ya kioo, siku naenda kuulizia nikakuta wanauza mapazia. Tangu hapo kila ejenti mpya nampa mzigo mdogo kwanza, boksi 2 tu, nione.

Hela nazo ziandike

Hata ukilipa kwa yuan, shilingi yako kwa kawaida inapitia dola. Mwaka 2023 dola ziliadimika, watu tulizunguka benki tatu nne kwa siku, na katikati ya 2024 dola moja ilipita shilingi 2,600, alafu mwisho wa mwaka huohuo ikashuka chini ya 2,500. Aliyejaza stoo katikati ya mwaka alibaki na mzigo wa bei ya juu wakati jirani yake anashusha. Kwa hiyo kila oda naandika pembeni kiwango cha siku hiyo, na bei ya kuuza naipanga kwa kiwango cha oda ijayo, si ya iliyopita. Na tangu 2023 biashara kati yetu na India inaweza kulipwa kwa shilingi na rupia kupitia mabenki, kama unaagiza spea za Bajaj au TVS moja kwa moja kule muulize meneja wa benki yako juu ya hilo, wengi hawaulizi.

Ukurasa wa kulia: mvua za India na mbaazi zetu

Oktoba 2017 nilikwenda Babati kwa mjomba. Nikaingia sebuleni nikakuta magunia mpaka darini, viti vimetolewa nje.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Umeona haya?"

Akafungua gunia moja, akachota, akanifungulia kiganja. Mbaazi zilikuwa na matundu, zile za fukusi, na unga mweupe ukabaki kwenye mistari ya mkono wake. Mwaka uliopita aliuza kilo zaidi ya 2,000 hapohapo mlangoni, wanunuzi wanagombana. Mwaka ule mnunuzi alikuja na 250, tena anachagua. Mjomba alikuwa ameacha nusu ya mahindi yake akapanda mbaazi, amekopa palizi, na ada ya watoto wawili sekondari ilikuwa ndani ya yale magunia.

Aliniuliza kwa nini na sikuwa na jibu, nikasema tu soko limekufa. Nilikuja kulijua jibu baadaye nilipoanza kufuatilia, na jibu liko kwenye kalenda. India ndo walaji wakubwa wa mbaazi duniani, wao wanaziita tur, wanazikoboa wanapata dali, chakula cha kila siku. Miaka ya 2014 na 2015 mvua zao zilikuwa mbaya, dali ikafika karibu rupia 200 kwa kilo mijini, ndo maana na sisi huku bei ikapanda. Wakulima wao wa Maharashtra na Karnataka nao wakaiona hiyo bei, wakapanda kwa wingi, mvua ya 2016 ikawa nzuri, mavuno yakakaribia mara mbili ya mwaka uliotangulia. Serikali yao ikalazimika kulinda wakulima wake, tarehe 5 Agosti 2017 wakaweka ukomo, mbaazi za kuingia kutoka nje zisizidi tani 200,000 kwa mwaka. Agosti! Wakati sisi huku ndo tunavuna. Dalili zote zilikuwepo tangu miezi 8 nyuma, mavuno yao yaliingia ghalani Desemba na Januari, ila hakuna mtu Babati wala Karatu aliyekuwa anaziangalia, na hili bado linaniuma kwa sababu habari zilikuwa wazi kwa kila mtu mwenye simu.

Basi ukilima au kununua mbaazi, dengu, choroko, andika hivi kwenye ukurasa wa kulia. Aprili, idara ya hali ya hewa ya India, IMD, inatoa utabiri wa kwanza wa mvua za monsuni, alafu mwisho wa Mei wanarekebisha. Mvua zenyewe zinaingia Kerala karibu 1 Juni na kuisha Septemba. Juni na Julai wakulima wao wanapanda, na wizara yao ya kilimo inatoa takwimu za eneo lililopandwa, hizi ndo za thamani kuliko zote, eneo la tur likipanda sana kuliko mwaka jana we uza mapema. Sisi tunavuna Agosti na Septemba, wao mavuno mapya yanaanza kuingia Desemba, kwa hiyo kati hapo kuna dirisha la miezi mitatu minne ambapo ghala lao limepungua na letu limejaa, hapo ndo bei yetu ilipo. Mtu anayesubiri mpaka Januari akitegemea bei ipande anashindana na mkulima wa Karnataka aliye kilomita chache kutoka kiwanda cha dali.

Alafu 31 Machi, duara nyekundu. Mwaka wa fedha wa India unaanza 1 Aprili, na ruhusa nyingi za kuingiza mikunde zinaisha siku moja kabla, hiyo 31 Machi. Mei 2021 waliondoa ule ukomo na kuruhusu mbaazi ziingie bila kikomo cha tani, tangu hapo ruhusa imekuwa ikiongezwa muda kidogokidogo. Matangazo yanatolewa na idara yao ya biashara ya nje, DGFT, yako wazi kwenye intaneti. Kabla hujanunua tani hata moja ya kuweka stoo, tafuta ruhusa ya sasa inaisha lini. Na usidhani ni mbaazi tu, Julai 2023 walizuia mchele wao mweupe usio basmati usiuzwe nje ya nchi na dunia nzima ikahisi. Wale ni watu zaidi ya bilioni 1.4, serikali yao ikiogopa bei ya chakula inafanya uamuzi kwa usiku mmoja, huwezi kuwazuia, unaweza tu kuwahi kujua.

Siku hizi mbaazi nyingi zinapita stakabadhi ghalani na minada ya TMX, soko la bidhaa la Tanzania, imesaidia mkulima kuona bei ya siku, ila mnada haubadilishi India inataka kiasi gani.

Vitu vingine vya kwetu, kwa haraka

Parachichi. China walitufungulia soko Novemba 2022, na tangu 1 Desemba 2024 wameondoa ushuru kwa bidhaa zote kutoka nchi maskini zaidi zenye uhusiano nao wa kibalozi, sisi tumo. Lakini ushuru kuwa sifuri haimaanishi unapakia tu Hass zako za Siha unapeleka. Shamba na sehemu ya kufungashia lazima viwe vimesajiliwa na forodha ya China, na kwa huku unaanzia TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea, ambao bahati nzuri makao yao yako hapahapa Arusha, nenda ukaulize mwenyewe usisubiri dalali. Mkulima mwenye miti 30 ajiunge na kikundi, peke yake hawezi.

Kahawa. Japani ni mteja wa siku nyingi, kule arabika yetu iliyooshwa inauzwa kwa jina la Kilimanjaro hata kama imetoka Mbinga, na mchanganyiko unaruhusiwa kubeba jina hilo ikiwa angalau 30% ni ya Tanzania. Ni mteja mzuri lakini ni nchi ya wazee, watu wao wanapungua. Vijana wanaoanza kunywa kahawa wako China, mwaka 2023 Luckin, maduka ya kahawa ya Wachina wenyewe, waliipita Starbucks ya Marekani kwa mauzo ndani ya China. Viongozi wa AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, za Moshi ningependa sana wamuulize mnunuzi wao kahawa inaishia wapi, si kusaini tu.

Tanzanite inachimbwa Mererani, ila sehemu kubwa imekuwa ikikatwa Jaipur, India, alafu inauzwa Marekani. Agosti 2025 Marekani walipopandisha ushuru wa bidhaa za India mpaka 50%, mawe yanayopita Jaipur yalikuwa kwenye njia hiyohiyo. Broka wa mawe pale mjini anatakiwa kufuatilia sehemu tatu, si moja.

Muda wenyewe wa kufanya haya

Jumapili jioni, nusu saa. Naangalia tarehe ipi inakuja ndani ya miezi mitatu, naandika bei ya cheni kwa muuzaji wangu wa WeChat, kiwango cha dola cha Benki Kuu, na kama ni msimu, habari moja ya tur kutoka India. Google inatafsiri vizuri tu Kihindi na Kichina. Mwaka wa kwanza daftari halitakusaidia sana, litakuwa na namba zisizo na maana, faida inaanza mwaka wa pili ukiweza kulinganisha Agosti na Agosti.

Mjomba naye anacho chake sasa, daftari la shule la kurasa 96. Aprili mbaazi zake zinakuwa zimeshaota katikati ya mahindi, shamba hawezi kulibadilisha tena, anachoamua ni auze lini. Mwaka huu alinipigia kabla hata sijafungua duka, akaitikia shikamoo harakaharaka akauliza mvua ya Wahindi wanaisemaje. Nikamsomea. Akanyamaza kidogo, nikasikia kalamu inaandika, akasema basi Septemba natoa gunia 20 zote, sibaki na kitu sebuleni.